Redio Iliyokataa Kufungwa

Mimi ni mtu wa kufunga vitu. Nikitoka nyumbani hurudi mlangoni mara mbili kushika kitasa, na nikifika getini narudi tena kuangalia kama nimezima gesi. Kazini ndiyo balaa. Ni karani wa shule moja ya sekondari hapa Ruiru, miaka mingi sasa, na jioni siondoki mpaka kila nilichofungua kwenye kompyuta kimefungwa, printa imezimwa na waya umechomolewa ukutani. Walimu hunicheka. Husema hata siku nitakapokufa nitaamka kwanza nizime taa ya mochari.

Kwa hivyo unaweza kufikiria nilivyoteseka mama alipokuja kukaa nami akiwa na simu yenye redio isiyofungika.

Mama alitoka kwetu, upande wa Kakamega, kwa sababu ya macho. Jicho la kushoto lilianza kuingia ukungu, la kulia likafuata, na ikafika siku akamwagia chai mgeni mapajani akidhani anamimina kikombeni. Kakangu, ambaye anaishi naye boma moja kule nyumbani, alinipigia akasema ni zamu yangu. Alimpandisha basi na shuka zake, kuku mmoja wa kunishukuru, na simu mpya ya kugusa. Ndani ya simu alikuwa amemwekea app ya redio ya lugha yetu, maana mawimbi ya redio ile hayafiki huku.

"Mama hawezi kukaa huko bila kuwasikia watu wa kwetu," kakangu aliniambia.

Alichomaanisha hasa ni matangazo ya vifo. Kwetu, saa saba mchana na tena saa moja jioni, kazi husimama. Mtangazaji husoma taratibu: marehemu, mtoto wa fulani, mjukuu wa fulani, wa kijiji fulani karibu na soko fulani, mazishi ni Jumamosi, walioko Mombasa, Thika na Kericho wafike nyumbani bila kuchelewa. Mama husikiliza yote. Akisikia ukoo anaoujua huguna. Asipoujua hukaa kimya kidogo, akiutafuta kichwani, kisha husema lazima ni wale waliohamia ng'ambo ya mto. Yakiisha hutulia kabisa, amejua nani yuko na nani hayuko.

Hilo sikulipinga. Nilichopinga ni tabia ya ile app. Ukibonyeza kurudi nyuma, redio inaendelea. Ukiisukuma kwa kidole mpaka ipotee kwenye kioo, inaendelea. Unazima kioo chenyewe kikawa cheusi kabisa, na mtu bado anaongea humo ndani juu ya bei ya miwa. Wakati mwingine inanyamaza, unafurahi, unaenda jikoni, kumbe mtandao tu ndio uliokatika. Ukirudi inarudi nao. Bando nililomwekea mama Jumapili liwe la wiki nzima lilikuwa likikata roho Jumatano. Na ni mimi nilinunua, mama hakujua hata bando linafananaje.

Nilimpelekea mwalimu wa kompyuta pale shuleni ile simu. Ni kijana mpole, haongei kwa haraka. Aliigeuza geuza akaniambia, "Madam, hapo hujaizima. Umeondoa tu ile picha yake mbele yako. Yenyewe iko huko nyuma inaendelea na job."

"Nani aliipa ruhusa?" nikauliza.

"Ndivyo ilivyotengenezwa. Hata muziki ni hivyo, si watu wanapenda kusikiza wakichat?"

Alinionyesha jinsi ya kuizima kabisa. Unaingia kwenye mipangilio, unatafuta orodha ndefu ya vitu ambavyo hujawahi kuvisikia, unaichagua, unailazimisha, simu inakuuliza kama una uhakika. Mimi nina uhakika tangu nizaliwe. Lakini hiyo ni safari, na mama alikuwa akiifungua redio mara kumi kwa siku kwa kugusa kile kijipicha chekundu, kitu pekee alichoweza kukiona kwenye kioo.

Mama mwenyewe hakuona shida iko wapi. "Iache iongee," alisema. "Imekukosea nini?"

"Inakula bando, mama."

"Mimi sili sana. Iache ile sehemu yangu."

Siku iliyonivunja ilikuwa ya kanisani. Simu ya mama ilikaa kwenye kifuko cha kufuma kilichoning'inia shingoni, chini ya sweta, na kabla hatujaingia nilikuwa nimeifunga redio kwa mkono wangu. Mchungaji akatuambia tuinamishe vichwa, kila mtu aungame kimoyomoyo. Kanisa likawa kimya kabisa. Ndipo kifuani kwa mama mwanamume mmoja akauliza kwa lugha yetu, kwa sauti ya furaha, kama ng'ombe wetu wanajikuna. Lilikuwa tangazo la dawa ya kupe. Wengi pale ni Wakikuyu, hawakuelewa, na dada mmoja nyuma yetu alisema "Amina" kwa moyo wote, akidhani ni mzee fulani anaomba kwa kinywa. Mimi nilitamani kujificha chini ya benchi. Mama alikuwa akitetemeka mabega, na sikuweza kujua kama ni toba au kicheko.

Tangu siku hiyo ikawa vita. Mama akiifungua, mimi naifunga. Nilikuwa nikiamka kwenda kazini kwanza napitia simu yake. Nilijiona nina haki kabisa.

Basi ikafika siku ya kliniki ya macho, Thika. Niliomba ruhusa kazini, nikavaa sweta yangu ya maruni tuliyoshonewa wafanyakazi wa shule, tukaondoka mapema. Kliniki ilikuwa imejaa wazee, kila mmoja na mtoto wake au mjukuu wake kando. Tukaketi kwenye korido ndefu isiyo na dirisha. Muuguzi alipita akimwekea kila mmoja matone machoni. Alituambia kwamba dawa ile hufungua mboni ili daktari aone ndani, na kwamba mpaka jioni mama ataona kila kitu kwa ukungu zaidi ya kawaida na mwanga utamuumiza.

"Na simu ziwe silent, tafadhali," akasema. "Daktari anapima."

Wakati huohuo redio ya mama ilikuwa inaimba. Nikaingiza mkono kwenye kile kifuko, nikaisukuma app kwa kidole ikapotea, na redio ikanyamaza papo hapo. Nilifurahi. Nikasema leo imenitii. Kisha, kwa kuwa sifanyi kitu nusu nusu, nikaizima milio ya simu pia, na ule mtetemo, nikairudisha kifukoni na kuvuta sweta ya mama juu yake.

Daktari alikuwa na habari njema. Macho yangeweza kufanyiwa upasuaji, moja baada ya lingine, na mama angeona tena. Akaandika dawa za kutumia kabla ya siku hiyo. Dirisha la dawa lilikuwa upande wa pili wa uwanja, na foleni ilikuwa ndefu juani. Nikamketisha mama kwenye benchi ya ndani karibu na mlango wa kutokea, kivulini.

"Kaa hapa. Usisonge."

"Nitaenda wapi na macho haya?" akasema.

Sikukaa sana. Labda nusu saa. Niliporudi na dawa mkononi, benchi ilikuwa na mzee mmoja tu mwenye bandeji kwenye jicho. Nikamuuliza mama aliyekuwa hapa yuko wapi.

"Ameenda na binti yake," akajibu.

"Binti yake ni mimi."

Aliniangalia kwa lile jicho moja, akaitazama sweta yangu. "Ai. Basi yule mwingine. Alikuwa na sweta kama hii hii. Amepita hapa, mathe akainuka akamfuata."

Nusu ya Thika huvaa sweta za maruni. Kuna shule, kuna viwanda, kuna wanawake wa mitumba. Nilitoka getini nikaziona tatu kabla sijavuka barabara, na hakuna hata moja iliyokuwa na mama nyuma yake.

Nikampigia. Simu ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Ndipo nikakumbuka kwamba nimeizima milio. Hata hivyo niliendelea kupiga. Sikuwa na kitu kingine mkononi. Nilijiambia labda ataishika, labda ataona mwanga wake, labda mtu atauona ukimulika chini ya sweta. Nilipiga nikitembea, nikapiga nikiuliza wauza viatu, nikapiga nikiwa katikati ya barabara na dereva wa lori ananitukana. Lori lile ndilo lililonimaliza. Nilimwona mama kichwani mwangu akitaka kuvuka, mkono juu ya macho, akidhani ule ukungu mkubwa unaomjia ni jengo. Wanawake wa umri wake huvuka kwa kusikiliza, na Thika mchana hakuna kinachosikika.

Nilirudi kliniki, sikumkuta. Nikaenda sokoni, nikapita kwenye safu zote za mboga nikimwita, watu wakigeuka. Nilimtafuta hata vyooni. Kakangu sikumpigia. Ningemwambia nini? Kwamba alinipa mama miezi miwili tu, nami nikampoteza kwenye foleni ya dawa? Kila nilipotoka mahali nilipiga tena. Zaidi ya saa moja hivyo. Nikiuona mtandao umeshika, napiga. Simu ikikata yenyewe, napiga.

Mwishowe miguu ilinipeleka kituo cha polisi. Kaunta ilikuwa na afisa mmoja mwanamke, mtu mzima, na kikombe cha chai kilichopoa. Nikaanza kueleza huku nimeiweka simu sikioni, inaita.

"Mama," akaniambia, "hebu weka hiyo simu chini kwanza."

"Siwezi."

"Utaweza. Unanipatia nusu ya story, nusu nyingine unangojea huko. Mimi nataka masikio yako yote, dakika kumi tu."

Nilikuwa karibu kumjibu vibaya. Yeye hakungoja. Alinyoosha mkono akaichukua simu mkononi mwangu, akakata, akailaza juu ya daftari lake kubwa, upande wake wa kaunta. Kisha akachukua kalamu.

Urefu? Nikasema. Mwili? Nikasema, mwembamba, anainama kidogo. Sweta? Kijani. Leso? Ina maua. Na kichwani amefunga nini?

Sikukumbuka. Nilikuwa nimemfunga mwenyewe kile kitambaa asubuhi, nikalalamika kwamba tunachelewa, na sasa sikujua kama kilikuwa cheupe au cha samawati. Nikasimama pale nimefumba macho, nikijaribu kumwona mama, nikiona mikono yangu tu ikifunga fundo. Afisa hakunisukuma. Aliandika "kitambaa" akaacha nafasi mbele yake. Akaendelea kuuliza, lugha gani anaongea, Kiswahili anajua, anapenda kwenda wapi, amewahi kupotea. Dakika kumi zilikwisha na nyingine kumi zikafuata.

Simu yangu ikatetemeka juu ya daftari. Ilikuwa namba ya mama.

Niliinyakua. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamume, na mwanamume mgeni kwenye simu ya mama yako ana habari za aina moja tu. Lakini huyu alinisalimu, "Mulembe," kisha akaendelea kwa lugha yetu, polepole. Akasema tuko mtaa wa Kiandutu, pale mwanzo, kwenye kibanda cha githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, kando ya mjengo. Akasema kukhu, yaani nyanya, yuko hapa. Akasema anakula.

"Anakula?" nikauliza kama mjinga.

"Anakula. Amesema chumvi ni kidogo."

Afisa alisoma uso wangu akafunga daftari. "Enda," akasema. "Utakuja kunipatia rangi ya kitambaa siku nyingine." Kicheko kilinitoka kikiwa na sauti mbaya, nikakimbia nje kutafuta pikipiki.

Mambo yaliyotokea huko niliyapata baadaye kwa vipande, kutoka kwa mama, kwa mwenye kibanda, na kwa yule aliyenipigia, ambaye ni kibarua wa mjengo, wa kutoka huko huko kwetu. Nayaweka hapa kwa mpangilio, maana siku ile mimi niliyasikia kinyumenyume.

Mama aliifuata sweta ya maruni. Aliita, mwenye sweta hakugeuka, na mama akadhani nimekasirika tu, jambo ambalo halikumshangaza. Akafuata mpaka akachoka, na sweta ikaingia kwenye ukungu ikapotea. Aliuliza njia ya hospitali ya macho. Watu walimwelekeza vizuri kwa vidole, na yeye vidole alikuwa havioni. Akatembea hivyo, akiegemea kuta, mpaka akafika Kiandutu, ambako mwenye kibanda cha githeri alimwona akiyumba juani na kumkalisha kwenye kreti.

Mwenye kibanda ni mama wa Kikuyu, mnene, mwenye maneno mengi. Alimpa maji. Akamwambia, "Shosho, lete hiyo simu nikupigie watu wako." Mama akakishika kifuko kwa mikono miwili. Ni mimi na kakangu tuliomfundisha hivyo, tulimwimbia wimbo huo kila siku: mjini usimpe mtu yeyote simu yako, hata akiwa mzuri kama malaika. Kwa hiyo alikataa. Akamwambia yule mama kwa Kiswahili chake kifupi kwamba mtoto wake atampigia, ngojea tu, italia.

Alikaa pale zaidi ya saa moja akingoja simu ilie. Simu niliyoizima milio mimi mwenyewe.

Lakini redio haikuwa imezimika. Kule koridoni haikunitii hata kidogo. Ni mtandao tu uliokatika wakati uleule, basi ikakwama kimya huko nyuma ikingoja. Mama alipotoka nje tu, ikarudi. Mama alifurahi kuisikia. Tatizo, alisema, leo ilikuwa na kigugumizi. Inaongea maneno mawili matatu inanyamaza, inarudi, inanyamaza tena. Mwenye kibanda alisema vilevile, kwamba redio ya shosho ilikuwa inakatika katika mpaka akadhani imeharibika.

Nilimuuliza mwalimu wa kompyuta kwa nini. Akanitazama kwa huruma kabla hajajibu. Alisema simu inapopigwa, redio hunyamaza yenyewe mpaka mpigaji akate, hata kama mlio umezimwa. Yaani kila nilipopiga, nilimnyamazisha mtangazaji. Hasira zangu zote, mapenzi yangu yote, vidole vyangu vilivyokuwa vikibonyeza bila kupumzika, vilikuwa vikiziba mdomo wa kitu pekee kilichokuwa kikimwitia mama msaada. Kama si afisa yule kuniwekea simu kwenye daftari lake, ningeendelea kupiga mpaka giza liingie. Nimewahi kurudi kumshukuru. Alisema hakumbuki, lakini alikubali soda.

Basi simu yangu ilipolazwa, redio ikapata pumzi. Na saa saba ikafika. Vibarua wa mjengo walikuwa wametoka kula, wamejaa kibandani, kelele tupu. Kibarua wetu alikuwa amesimama akingoja sahani yake aliposikia, kutoka chini ya sweta ya mwanamke mzee ambaye hajamjali, marehemu akitajwa. Aliniambia hakusikia kwa masikio, alisikia kwa mgongo. Miaka mitano Thika, hajawahi kusikia matangazo yale nje ya nyumbani. Akawanyamazisha wenzake. Kikatajwa kijiji kinachopakana na chao, akatajwa mzee aliyewahi kumfukuza kwenye mapera yake akiwa mtoto. Akavua kofia, akasikiliza mpaka mwisho, akiwa amechuchumaa mbele ya kreti ya mama bila kujali.

Yalipoisha akasema, "Mulembe, kukhu."

Mama akainua uso. Mwenye kibanda alisema ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitabasamu.

Hata hivyo hakumpa simu. Kwanza alimhoji. Wewe ni wa wapi? Mtoto wa nani? Baba yako alioa wapi? Nyanya yako mzaa mama ni wa ukoo gani? Kibarua alijibu yote akiwa amechuchumaa, chakula chake kinapoa, wenzake wanamwita arudi kazini. Aliposema ukoo wa nyanya yake, mama akafikiri, akaguna. Kulikuwa na shangazi wa mama aliyeolewa huko, zamani. Ndipo akavua kifuko shingoni akamwekea kiganjani.

Mimi hayo yote nilikuwa siyajui niliposhuka pikipiki. Nilichojua ni kwamba mtu mmoja alisema anakula. Nilisukuma watu. Nikamwona kwenye kreti, chini ya kivuli cha plastiki, sahani mapajani, mkono mmoja ukikinga macho. Kitambaa cha kichwani kilikuwa cheupe.

Mzima. Miguu yote miwili, mikono yote miwili. Vumbi kwenye viatu tu.

Na kitu cha kwanza kilichonitoka mdomoni, Mungu anisamehe, kilikuwa, "Nilikuambia usisonge!" Kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Mwenye kibanda akaweka mwiko chini akanitazama kwa macho makali. Mama hakushtuka. Aliligeuza tu sikio upande wangu.

"Huyo ndiye," akamwambia kibarua kwa lugha yetu. "Nilikuambia utamjua."

Nilipiga magoti pale chini penye maharagwe yaliyomwagika, nikamshika kiuno, nikalia. Sijui nililia kiasi gani. Nililia kama mtu aliyetua mzigo mzito na mikono bado inamtetemeka. Sikuwa na huzuni hata chembe. Ilikuwa afueni tu, nyingi mno, haina pa kupitia. Nilikuwa nikinusa sweta yake, moshi wa kuni na dawa ya kliniki, nikifikiri, yuko, yuko, yuko.

Mama aliweka sahani kando. Kwa kuwa hakuniona, alinitafuta kwa kiganja. Akapapasa nywele, akashuka kwenye paji, akafika mashavuni akakuta yamelowa. Mkono ukasimama.

"Nani amekufa?" akauliza.

Alikuwa ameogopa kweli. Siku zote amekuwa akisikia majina kwa watu wa redio, na sasa alidhani limekuja moja ambalo mimi ndiye niliyetumwa kumsomea. Vidole vyake vilikuwa vimekaza shavu langu, akingoja ukoo na kijiji.

"Hakuna, mama," nikasema.

"Usinifiche."

"Hakuna mtu amekufa. Hakuna hata mmoja."

Alikaa kimya kidogo, kama kawaida yake, akiwapitia watu wake mmoja mmoja kichwani. Nilimwacha amalize. Kisha akapumua, akanifuta mashavu kwa pembe ya leso, akasogea kwenye kreti ili nipate pa kukaa.